Fomu yauliza kama ana pumu, naye aniomba niandike "Hapana"

Asalaam aleikum Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Langoni, Lamu. Mume wangu yuko Doha, huu ni mwaka wa nne. Nyumbani niko na baba mkwe, aliyekuwa nahodha wa jahazi mpaka magoti yalipomkatalia.

Kijana wangu mkubwa ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Mwalimu wao amekuja na habari ya safari ya vijana likizo ya Agosti, siku 18, Mlima Kenya. Si matembezi ya kupiga picha na kurudi. Watabeba mizigo yao mgongoni, walale hemani, wajipikie, wajifunze kusoma ramani na huduma ya kwanza, na kila siku mmoja wao awe kiongozi wa wenzake. Simu zitakusanywa siku ya kwanza. Mwisho wa safari atakayeweza atapanda mpaka kilele cha Lenana. Shuleni kwao wamechaguliwa sita, naye ni mmoja wao. Sehemu kubwa ya gharama wafadhili wamelipa, sisi twatakiwa shilingi 15,000 na nguo za baridi. Hizo nitazipata kwa mahamri yangu na kwa kuweka kidogo kidogo.

Shangazi, huyu mtoto hajapata kuona mlima. Kilima chetu sisi ni mchanga wa Shela. Kusi likivuma alfajiri hujikunyata na kusema leo kuna baridi! Tena nina jambo moyoni. Alipokuwa darasa la saba walipelekwa ziara Mombasa, basi likaondoka bila yeye. Alikaa saa mbili kwa muuza madafu mpaka walipogundua na kurudi. Nilipolalamika niliambiwa nisilikuze jambo. Kwa hiyo nikisikia neno "safari ya shule" tumbo hunisokota.

Lakini hilo bado si kubwa. Mwanangu ana pumu tangu utotoni. Miaka miwili iliyopita, usiku wa Ramadhani, ilimbana tukamkimbiza hospitali. Tangu hapo hajalazwa, ila inhela yake ya buluu haimtoki mfukoni, na moshi wa kuni humtaabisha. Sasa fomu ya safari ina swali, kama mwanafunzi ana maradhi ya kudumu. Akaniomba niandike "Hapana". Anambia, "Mama, ukiandika pumu watanitoa, nafasi yangu apewe mwengine." Baba mkwe naye amsaidia. Asema yeye alipakiwa jahazini akiwa na miaka 13, wakabeba boriti mpaka Mombasa, na hakuna aliyemuuliza kama ana mafua. Ati dawa ya pumu ni baridi ya alfajiri na kazi. Mume wangu nikimpigia hunijibu, "Wewe ndiye uliye naye, amua."

Nilipowaambia kwamba naona bora asiende kabisa, kijana akaacha kusema nami. Hula, huosha sahani yake, huenda zake. Fomu iko juu ya kabati, yatakiwa mwisho wa mwezi. Niandike nini? Na je, nimwache aende?

Na samahani kwa swali dogo: akienda, nimfungie mahamri?

Mama wa Langoni

*

Waaleikum salaam mwanangu,

Nianze na fomu, kwa sababu fomu ina tarehe. Iandikwe pumu. Iandikwe na usiku ule wa Ramadhani, na moshi wa kuni, na jina la dawa. Ila usiiandike wewe. Mpe kijana kalamu ajaze kwa mkono wake, kisha aende mwenyewe kwa mwalimu, asimame mbele yake aseme: nina pumu, inanibana nikivuta moshi, dawa yangu ni hii. Wewe kaa nyumbani siku hiyo, au ukishindwa kukaa, simama nje ya lango.

Najua anachokiogopa. Nami nilipata kuficha.

Nilikuwa msichana wa shule hapa Malindi, katika ile Tuzo ya Rais, mpango wa vijana wenye daraja la shaba, fedha na dhahabu, ambao Kenya imekuwa nao tangu 1966. Kupata daraja la fedha lazima mwende safari ya siku tatu kwa miguu. Sisi tulipelekwa bara, upande wa Marafa, kule kwenye makorongo mekundu waitako Nyari. Siku ya pili mimi ndiye niliyekuwa kiongozi. Kiasi cha saa nne za asubuhi nikajua kwamba njia tuliyoshika siyo. Nilijua, mwanangu, wala haikuwa shaka. Lakini nyuma yangu walikuwa wasichana watano, na mmoja wao alikuwa ameshasema tangu jana kwamba ramani siiwezi. Nikaendelea. Nilitembea mbele kwa mwendo wa mtu ajuaye aendako mpaka saa saba, jua la utosi, na maji tuliyopimiwa ya mchana yakawa yamekwisha. Mzee mmoja Mgiriama aliyekuwa akichunga mbuzi ndiye aliyetugeuza. Jioni, tulipokaa kuizungumza siku, mwalimu wetu hakuniuliza kwa nini nilipotea. Aliniuliza, "Ulijua saa ngapi?" Hilo swali ninalo hadi leo na nywele zimekuwa nyeupe.

Kwa hiyo kijana wako simlaumu. Lakini aelewe anachoomba. Lenana ni mita 4,985 juu ya bahari, na yeye atoka mahali ambapo maji ya bamvua yabisha hodi mlangoni. Huko juu kila pumzi humpa mtu karibu nusu ya ile hewa aivutayo Lamu. Hata mwenye mapafu ya chuma huhema. Mlima wenyewe una ugonjwa wake: kwanza kichwa huuma, chakula hukataa, mtu hutapika; ukizidi, huanza kupepesuka kama mlevi, au akahema hali amekaa. Dawa ya hapo ni kumshusha, tena mara moja, hata kama ni usiku. Sasa mtoto aliyeficha pumu aanze kukosa pumzi kwenye mita 4,200. Kiongozi atamtazama asijue kama ni pumu, ni mlima, au ni uchovu wa mtoto wa pwani. Kila kimoja kina tiba yake. Ataanza kubahatisha, naye abahatisha juu ya mwanao.

Je, watamtoa? Huenda. Lakini pumu iliyotulia peke yake haimzuii mtu kupanda mlima. Wengi wenye pumu hupanda. Iliyo hatari ni ambayo haijatulia, na hiyo huonekana mapema. Mwezi huu mtazame: huamka usiku kwa kikohozi? Hutumia ile inhela ya buluu zaidi ya mara mbili kwa wiki? Akikimbia, kifua hulia? Kama ndiyo, bado haijatulia, na huenda daktari akampa dawa nyingine ya kuvuta kila siku, ya kukinga. Hiyo huchukua wiki kadhaa kushika barabara, ndiyo maana nakwambia mpeleke wiki hii, usingoje Agosti. Mwambie daktari wazi: siku 18, baridi kali, mita karibu elfu tano. Akisema aende, aandike barua. Kijana aifikishe pamoja na fomu, na hapo hatakuwa anaomba huruma, atakuwa na karatasi. Akisema mwaka huu hapana, basi ni hapana, na hasira zake utazivumilia kama ulivyovumilia mengine.

Akikubaliwa, abebe inhela mbili, moja yake na moja ya kiongozi. Usiku alale nayo ndani ya mfuko wa kulalia, na mchana aiweke mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa maana ikipoa sana gesi yake hulegea na dawa hutoka kidogo. Wenzake wa hema moja wafundishwe inavyotumika. Na zamu ya kuni, kama watapika kwa kuni, yeye apewe ya kuteka maji.

Sasa baba mkwe. Mzee namheshimu, na kwa jambo moja ana haki kuliko ajuavyo. Huu mtindo wa kuwapeleka vijana nje wakakomae uliandikiwa mpango na Wazungu, lakini chimbuko lake ni bahari. Mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto, mwalimu Mjerumani aliyekimbilia Uingereza, Kurt Hahn, alishirikiana na tajiri wa meli, Lawrence Holt, kufungua shule Aberdovey, pwani ya Wales. Yasimuliwa kwamba Holt aliona jambo la ajabu: meli zikizamishwa, katika mashua za kuokolea waliokufa upesi walikuwa mabaharia vijana wenye misuli, na wazee waliozoea tanga na dhoruba wakanusurika. Ikawa haja ni kuwapa vijana kile walichokuwa nacho wazee. Shule wakaiita Outward Bound, msemo wa mabaharia wa chombo kinachoiacha bandari. Miaka ya 1950 ikaja hata kwetu, Loitokitok, chini ya Kilimanjaro. Na Marekani, mwaka 1965, mpanda milima Paul Petzoldt alianzisha shule ya namna hiyo Wyoming, ambako vijana huingia milimani majira ya joto wakakaa kama mwezi mzima, begi mgongoni.

Kwa hiyo mzee asemapo kwamba yeye alijifunza haya jahazini, hakukosea hata kidogo. Hebu basi muulize swali moja, tena umuulize kijana akiwa papo: "Baba, ulipokuwa nahodha, baharia akikuficha kwamba ana kifafa, nawe ukaja kujua mkiwa katikati ya maji usiku, ungemfanyaje?" Kisha nyamaza. Usimsaidie kujibu. Sidhani kama kuna nahodha wa Lamu aliyeng'oa nanga bila kujua nani chomboni hajui kuogelea na nani hutapika kwenye mawimbi. Hakuulizwa habari ya mafua alipokuwa na miaka 13 kwa sababu nahodha yule alikuwa jirani, alimjua tangu akitambaa. Huyo kiongozi wa mlimani hamjui mwanao. Fomu ndiyo ujirani wake.

Nije kwenye lile basi. Una haki ya kusokotwa na tumbo, na aliyekwambia usilikuze jambo alikosa adabu. Usilimeze tena. Nenda kwa hao waandaaji, au wapigie, uulize kama mteja na si kama mwombaji. Nani ahesabuye watoto, na huwahesabu saa ngapi? Watu wazima ni wangapi, na wangapi kati yao wamesomea huduma ya kwanza ya porini? Halafu swali ambalo wazazi wengi hawaliwazi: mtoto mmoja akiugua ashushwe, nani ashuka naye, na nani abaki na wengine? Kama jibu ni kwamba mtu mzima ni mmoja au wawili tu, basi siku mtoto atakapougua, kiongozi atashawishika kumwambia ajikaze ili kundi lisiharibikiwe. Watu wazima watatu ndio kiasi changu. Waulize pia wana mpango gani na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, kwa kuwa ile ni hifadhi yao na kikosi cha uokoaji wanacho.

Waulize pia watalala wapi, usiku hadi usiku. Wanaopitia njia ya Sirimon hulala kambi ya Old Moses, kiasi cha mita 3,300, na wengi kesho yake hulala kambi ya Shipton, mita 4,200. Watalii wa haraka hufanya hivyo kwa sababu tiketi ya ndege yawangoja. Lakini kanuni ya wajuzi ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Hawa wana siku 18! Wana nafasi ya kulala katikati, ya kupanda mchana na kurudi kulala chini. Wakikuonyesha ratiba ya pole pole, ni watu wanaojua. Wakikwambia "usijali mama, vijana wana nguvu", rudi na fomu yako.

Ukiniuliza kama safari yenyewe ina faida, nitakujibu ndiyo, ila si kwa sababu ya kilele. Kilele ni asubuhi moja. Faida iko kwenye zamu. Leo wewe ndiwe kiongozi: uamue saa ya kuondoka, ukumbuke yule mwenye lengelenge kisiginoni, umwambie rafiki yako wa chanda na pete kwamba ameacha sufuria chafu. Kesho wewe ni mfuasi, unatii mtu ambaye jana ulimwona mjinga. Jioni mwakaa, kila mmoja asema lililokwenda vizuri na lililoharibika, bila matusi. Nyumbani hatuwapi hayo, tuseme kweli. Mvulana wa kwanza wa nyumba ya Lamu, mama yupo, dada yupo, wali watokea tu kama mvua. Umesema huosha sahani yake. Nimefurahi, ingawa nadhani ameanza baada ya kukununia.

Basi mtayarishe. Wiki hizi zilizobaki, kila baada ya alasiri, atie chupa za maji begini apande na kushuka michanga ya Shela, kwanza kilo tano, aongeze taratibu, inhela mfukoni. Mchanga unaokurudisha nyuma kila hatua ni mwalimu mzuri wa mapaja, na kifua chake kitasema mapema kama kinaweza. Buti zinunuliwe sasa, azivae vichochoroni mwa Langoni mpaka zimzoee. Watoto watamcheka, acheke nao. Ijumaa moja apike yeye chakula cha watu sita, jiko la mafuta ya taa, wewe ukiwa kwa jirani. Nguo tafuta mitumba: sweta mbili za sufu, koti la mvua la kweli, kofia, glavu, soksi nene. Usimpe jinzi wala fulana za pamba kwa ajili ya kupandia. Pamba ikilowa haikauki, hunyonya joto la mwili, na usiku huko maji huganda chupani. Mtilie na leso yako moja ya zamani. Itakuwa kitambaa cha shingo, taulo, kamba ya kufungia mkono uliovunjika na mswala. Tena begi alipange mwenyewe. Akisahau kijiko, atachonga.

Sala isikutie wasiwasi. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya, na kibla huko ni kaskazini kama mlivyo Lamu, kwa mwinamo mdogo tu wa mashariki. Nyama awaulize mapema ni ya halali au la. Asipopata jibu atakula maharagwe, hayajamuua mtu.

Na mume wako. "Wewe ndiye uliye naye, amua" ni neno jepesi mtu akiwa Doha. Mpigie, mwambie umeamua, na kwamba sehemu yake ni zile 15,000 na bei ya buti. Pesa za mahamri zibaki zako.

Sasa umwulize kijana neno moja kabla hamjaenda hospitali: je, waandaaji wakiisoma fomu na barua ya daktari, bado wakasema hapana, atakuwa radhi? Mweleze kwamba hapo utakwenda kumtetea, si kumwombea. Wengine hukataa kwa uvivu wa kufikiri, na mama mwenye barua mkononi huwafikirisha. Wakishikilia, muulize mwalimu habari ya Tuzo ya Rais. Daraja la shaba ni siku mbili na usiku mmoja, na ana nafasi mpaka miaka ishirini na minne. Najua haitamfuta machozi siku hiyohiyo.

Mahamri mfungie, ya njiani. Ale Mokowe akingoja basi, ale Garsen, awagawie wenzake wapatane mapema. Lakini usizidishe siku mbili. Siku ya tatu, kwenye baridi ile, yatakuwa mawe, na kila gramu ataibeba yeye.